Debwani Nililomfunika Zuhura

Somoe mwanangu,

Kisomoni walitufundisha kwamba barua huanza na salamu, halafu hali, halafu ndiyo jambo. Sasa nimsalimu vipi mtu aliye chumba cha pili, ambaye nasikia kitanda kikilia kila akijigeuza? Hali yangu umeiona. Umeniona jioni nikila ugali na dagaa na kukufokea kwa ajili ya sanduku. Mwalimu atanisamehe, naanza na jambo.

Jambo ni mdogo wako Zuhura, Mungu amrehemu. Tangu una miaka kumi unaamini kwamba wewe ndiye uliyemletea ndui iliyomuua. Si kweli, Somoe. Najua kwamba si kweli, na nimekuwa nikijua tangu siku zile zile. Kesho unapanda gari kwenda chuo cha wauguzi, na huko watakufundisha ndui inavyotoka kwa mtu na kumwingia mwingine, na inakaa muda gani mwilini kabla haijajionyesha. Utakaa darasani uhesabu kichwani, maana hesabu unaziweza, na utajua kwamba mama yako alikudanganya. Nataka uyasikie kwangu kwanza. Wala nisijisifu: ungebaki hapa Mtwara, kwetu Magomeni, pengine nisingesema kamwe.

Mambo ya kujitunza sikuandikii. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, basi, nitayaandika ukutani." Mdomo huo! Nikitaka kuulaani najikuta naulaani wangu. Nenda nao, utakusaidia mbele ya matroni.

Kazi yangu unaijua, umekulia chini ya cherehani. Lakini umeijua ikiwa imeshanichosha. Hukunijua vizuri nilipokuwa naipenda, ulikuwa mdogo.

Mafundi wa Chikongola walikuwa wanaume, wamekaa kwenye baraza za maduka ya Wahindi, wanashona kitambaa kipya kinachokatwa dukani nyuma yao. Mimi nilikuwa mwanamke, nimekaa uani kwangu, sina duka wala tajiri wa kuniamrisha, nashona nguo za kike tu, tena za kitambaa cha zamani tu. Ilianza kwa sababu kitambaa kipya sikuwa nacho. Wazungu walipoondoka waliacha mapazia. Mke wa mwenye duka akanipa sari iliyoungua pindo kwa pasi. Nikakata palipoharibika, nikaunga palipobaki, nikavaa nikapita sokoni. Wanawake wakanisimamisha: "Dada, gauni hilo umelitoa wapi?" Nikasema Unguja. Ulikuwa uongo wa kwanza wa kazi yangu, na nilicheka njia nzima.

Baadaye wakanijua. Wakawa wanakuja na sari za mama zao, vikoi vya babu zao, visutu walivyoolewa navyo, wanasema, "Bi Hadija, usitupe hata kipande." Sikutupa. Kitambaa cha zamani hakilazimishwi. Nilikuwa nakiinua juani nione palipochoka, nakinusa, nakitundika chumbani siku kadhaa kijinyooshe chenyewe kabla sijakigusa kwa mkasi. Na kabla ya yote hayo kilipita kwenye debe la maji yanayochemka, pamoja na majani ya mpapai. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yangu. Nguo ya mtu haiingii ndani kabla haijachemshwa. Wewe ndiye uliyekuwa unachochea kuni, na ulikuwa unalia kwa moshi na kunilaumu mimi.

Sifa zikaniingia kichwani. Jioni watu wakienda Shangani kupunga upepo, mimi nilikwenda kutazama nguo zangu zikipita. Nilijua lile gauni la bluu lilikuwa pazia la nyumba gani, na ile blauzi ilikuwa kanga ya bibi gani. Siku moja Mama Agnesi, yule mama wa bara ambaye mumewe alikuwa ofisa wa serikali, alinishika mkono mbele ya wenzake akasema, "Huyu ndiye fundi wangu, msimwone hivi." Akaniambia anataka gauni la sherehe ambalo mwanamke mwingine yeyote Mtwara nzima hatakuwa nalo. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Nikaanza kuwaza nitapata wapi kitambaa cha kumfanya kila mtu ageuke.

Ilikuwa msimu wa korosho. Dereva mmoja wa lori alinikuta sokoni akaniambia nisithubutu kwenda kwetu, vile vijiji vya upande wa Msimbati, kule Ruvuma inakoingia baharini. "Kuna ndui, Bi Hadija. Bwana afya yuko kule, amefunga njia. Kila nyumba iliyofiwa wanachoma nguo, mikeka, mito, kila kitu." Mtu mwingine angesikia ndui. Mimi nilisikia wanachoma nguo.

Maana nilijua mna nini kwenye masanduku ya kule. Mimi ni mtoto wa kule. Wazee walikuwa na nguo ambazo hazipo dukani tena, na sanduku la Bi Esha liliyashinda yote. Bi Esha alikuwa jirani ya mama yangu. Alikuwa na debwani, kitambaa cha hariri chenye milia, rangi ya damu ya mzee, alicholetewa bibi yake kutoka Maskati. Kila binti wa nyumba ile aliolewa akiwa amefunikwa debwani lile. Nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa mwali, wakimtoa nalo bibi harusi, na siku hiyo sikumtazama bibi harusi hata kidogo. Nililitamani miaka yote hiyo, nikaona haya kuliomba.

Basi nikakuachia Zuhura, nikamwambia baba yenu naenda Mikindani kumwona shangazi mgonjwa.

Njiani kweli walikuwa wameweka mti, na mgambo wawili wamekaa. Nikashuka pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, nikapita nyuma ya mikoko, tope mpaka magotini. Mimi nina alama ya chanjo begani tangu utoto, nikajiambia haitanipata. Wewe walikuchanja shuleni. Zuhura alikuwa hajachanjwa. Watu wa chanjo walikuja zahanati siku si nyingi kabla ya hapo, akina mama wa Magomeni wakapanga mstari na watoto migongoni, na mimi siku hiyo nilikuwa nashona kola. Nikasema nitampeleka watakaporudi. Kola ya nani, wala sikumbuki.

Nilimkuta Bi Esha amekaa mlangoni peke yake. Mjukuu wake, Mwanahamisi, alikuwa amezikwa juzi. Alikuwa aolewe korosho zikishauzwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekujaje wewe? Njia imefungwa."

"Nimekuja kukupa pole."

Akanitazama sana. Yule mama hakuwa mjinga. "Umekuja kwa ajili ya lile," akasema. "Hadija, lile lilimfunika Mwanahamisi mpaka anakata roho. Alilitaka mwenyewe. Alisema kama hakujaliwa kuolewa nalo, basi afe nalo. Kesho wanakuja kulichoma."

Nikachungulia chumbani nyuma yake.

"Mimi siwezi kulitia moto kwa mkono wangu," akasema, machozi yanamtoka. "Na sikupi. Umenisikia? Sikupi. Liko sandukuni, na sanduku halina kufuli, na mimi naenda kuchota maji."

Akachukua ndoo akaenda zake. Mtungi wake ulikuwa umejaa mpaka juu, niliuona.

Nimemfikiria sana Bi Esha. Kwa muda nilimtupia yeye lawama, nikasema yeye ndiye aliyeniachia. Lakini alikuwa mzee aliyefiwa, hana akili ya kuwaza zaidi ya kaburi lile. Mimi nilikuwa na akili zangu zote. Nililifungua sanduku, nikalitoa debwani, nikajifunga kiunoni chini ya kanga zangu, nikarudi kwa njia ya mikoko. Njiani nilikuwa na furaha. Nakuambia hilo kwa sababu nimeapa kukuambia yote. Nilikuwa nimetoka kwenye kijiji cha misiba, na nilikuwa naimba.

Nilichemsha maji. Wallahi nilichemsha, na kuni ulileta wewe, na uliponiuliza nguo imetoka wapi nikasema Mikindani. Nikalishika juu ya debe. Mvuke ukapiga pindo, nikachovya ncha kidogo, na rangi ikaanza kutoka, nyekundu, ikatawanyika majini. Hariri ya kale namna ile haivumilii maji ya moto. Lingetoka debeni tambara. Nikalirudisha. Nikasema jua litatosha. Halafu na jua lenyewe nikaliogopa lisije likalipausha, nikalitundika ndani, kwenye kamba, juu ya kitanda.

Hapo ndipo nilipomuua mwanangu. Si kule kwenye mikoko, wala si kwa Bi Esha. Ni pale uani, maji yanachemka, mkono wangu juu ya debe, nimejua la kufanya na nimeamua nisilifanye.

Siku moja mchana Zuhura alilala kitandani pale. Ulikuwa shuleni. Alikuwa amelala chali mdomo wazi, unamjua alivyokuwa analala, amechanua miguu. Nikalivuta debwani kambani nikamfunika. Hakuwa anasikia baridi, nisikudanganye tena. Nilitaka kuona. Ile rangi kwenye ngozi yake nyeusi ilipendeza mpaka nikakaa chini kumtazama, na huku namtazama nawaza nitakavyokata shingo ya gauni la Mama Agnesi. Akaamka, akaliona, akacheka. Akajizungushia mwilini, akasema, "Mimi bibi harusi." Nikamwacha alichezee.

Siku zikapita, zaidi ya wiki, hakuna kitu. Nami nikaona nimeponyoka.

Halafu wewe ukaenda kwa wakimbizi. Watu waliovuka Ruvuma kukimbia vita vya upande wa pili walikuwa wamejenga vibanda nyuma ya mikorosho, na tuliwakataza nyie watoto kwenda kule. Ulimbeba Zuhura mgongoni ukaenda kucheza, na kule mkacheza na mtoto wa kiume mwenye vipele. Siku ya pili yake Zuhura akashikwa na homa. Homa ikapanda, ikashuka, kisha vipele vikatoka usoni, mikononi, mpaka kwenye nyayo. Baba yako akapiga kelele, "Huyu mtoto amekwenda wapi? Nani amemtoa hapa?"

Ukasema, "Mimi, baba. Nilimpeleka kwa wakimbizi."

Ulisema hapo hapo, Somoe. Mtoto wa miaka kumi, umemwona baba yako alivyo, na ukasema. Mimi mtu mzima sikuweza. Baba yako alivua mkanda. Nilikuwa nimesimama mlangoni, maneno yote yako mdomoni, nikayameza. Uliniangalia katikati ya mapigo, ukingoja niseme basi. Hata basi sikusema.

Bwana afya alikuja kesho yake, mtu mpole, anavua viatu mlangoni. Akanitoa pembeni. "Mama, mtoto huyu hakuipata majuzi kwa wakimbizi. Yule mtoto wao nimemtazama, ana tetekuwanga tu. Ndui hukaa mwilini wiki na zaidi kabla ya homa. Kuna mtu au kitu chochote kimeingia hapa kutoka kule Ruvuma?" Nikasema hapana. Akaniuliza tena, taratibu. Nikaapa. Nikaapa kwa jina la Mungu, mwanangu amelala nyuma yangu anakoroma kwa homa. Akashukuru, akaondoka, na maneno yake kuhusu tetekuwanga nikayazika palepale. Sikumwambia baba yako. Sikukuambia wewe.

Mtaani habari ilishaenea kwamba wakimbizi wameleta ndui. Wakanyimwa maji kisimani. Watu wakaenda na marungu kuwaambia wahame, na wakahama, na wazee wao na watoto wao, wakarudi porini. Yule mvulana mwenye vipele nilimwona mwaka uliofuata, anauza kuni sokoni, mzima kabisa. Nilinunua kuni zake zote. Hakunijua. Nilizibeba mpaka nyumbani nikazipikia.

Zuhura alikufa Ijumaa. Sitaandika alivyokuwa, ulikuwepo.

Baada ya mazishi wakaja kuchoma. Mkeka wake, mto, vigauni vyake vyote, kile cha njano nilichokishona kwa kipande cha sari. Wewe ulisimama kwenye kona ya ua, huna hata mtu wa kukushika. Mimi nikaingia ndani nikalitoa debwani chini ya cherehani nilikolificha, nikalitupa motoni. Liliwaka upesi sana. Ukaniuliza, "Mama, hicho nacho kwa nini?" Nikakujibu, "Kilikuwa cha Zuhura." Sijui kama unakumbuka. Nilitaka uendelee kuuliza. Hukuuliza, ukatazama chini, na mimi nikashukuru.

Gauni la Mama Agnesi nilimshonea kwa pazia. Alilipenda.

Nilidhani nitasema arobaini ikipita. Ikapita. Nikasema nitamwambia akivunja ungo, atakuwa na akili ya kuelewa. Ukavunja ungo, nikawaita wanawake wakucheze, nikakaa kimya. Nikasema nitamwambia baba yake kwanza. Kisha mzigo ukamwangukia kazini bandarini, akafa bila kujua. Miaka yote ile alikuwa hakuiti jina. Alikuwa anasema "huyu", "mwambie huyu alete maji". Siku moja kabla ya ajali aliniuliza, "Hivi huyu darasani ni wa ngapi?" Nikamwambia wa kwanza. Akatikisa kichwa, nikaona uso wake umelainika, nikajua hapa nikisema atakuita. Nikamwongezea mchuzi. Hiyo pia ni yangu, Somoe. Baba yako hakukuchukia. Alikuwa na mtoto aliyekufa na mtu wa kumlaumu, na mtu huyo nilimpa mimi.

Na nguo za misiba sikuzigusa tena. Kila aliyeniletea kitambaa nilimuuliza cha nani, yuko wapi, aliumwa nini. Wakasema Bi Hadija siku hizi ana maringo. Nguo za watoto nikakataa kabisa kushona, nikisingizia macho. Cherehani niliendelea nayo kwa kuwa mlitakiwa kula, halafu ulitakiwa kula peke yako. Watu wanasema bado mkono wangu ni mzuri. Upo, lakini sifurahii.

Wewe nilikuona ukikua na jambo hili. Hukuwahi kubeba mtoto tena. Mama Fatu jirani alijifungua, akakunyooshea kichanga, ukaweka mikono nyuma ukasema una mafua. Hukuwa na mafua. Nilikuwa nakata uzi, nikaendelea kukata uzi. Uliposema unataka uuguzi wenzangu wote wakanipongeza, na mimi nikaingia jikoni nikalia, maana nilijua unakwenda kulipa. Nilitaka ushike cherehani, ndiyo, nilikufokea kwa ajili hiyo, nilikuita mtoto asiye na shukrani. Nilikufokea kwa woga. Niliogopa utakachosomeshwa.

Sasa umejua. Kama unakwenda kwa sababu unaipenda kazi, nenda. Kama ulikuwa unakwenda kwa ajili ya Zuhura, huna unachodaiwa naye, na ukitaka kushuka garini shuka, hakuna atakayekusema. Hilo ni lako kuamua, na mimi sina uso wa kukushauri.

Neno moja tu nitakupa kwa sababu nimelilipia. Huko utakutana na akina mama watakaosimama mbele yako, mtoto anaungua kwa homa, na wataapa kwamba hakuna kilichoingia nyumbani mwao. Usiwakaripie. Wala usiondoke. Uliza mara ya tatu. Yule bwana afya aliniuliza mara mbili, na mara ya pili ukweli ulikuwa umefika ulimini. Angeuliza tena, nadhani ningesema, na usingeishi miaka hii yote na maiti ya mdogo wako mgongoni.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Kuomba kwa karatasi ni rahisi, na mimi nimeishi kwa vilivyo rahisi vya kutosha.

Nilikuwa nimeshakata shauri niitie barua hii chini kabisa ya sanduku, uikute huko mbali, ukasirike huko, ulie huko, na mimi nibaki hapa na sura yako ya leo. Nilishafungua na sanduku. Nikakaa pale chini, nikaona nafanya yale yale. Hapana. Asubuhi nitakupa mkononi kabla hujanywa chai. Utaisoma nikiwa nimekaa mbele yako. Nataka unitazame ukishajua, hata kama ni mara moja tu.

Mizigo iko mlangoni. Kijana mkubwa wa Mama Fatu atakusindikiza mpaka kwenye gari kama hutaki nikusindikize mimi, nimeshazungumza naye. Usijilazimishe kunipa mkono kwa ajili ya majirani. Ukiinuka ukaondoka bila kuniaga, nitajua umesoma mpaka mwisho.

Mama yenu,
Hadija